Mashini ya Taa Nyekundu na Sufuria ya Kukimbia

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Kuna jambo sijaambia muntu hata mumoja. Wala Mama. Wala padri, na padri ananiulizaga vizuri.

Napenda. Napenda vibaya! Tangu shule ifunguliwe silali sawa, sili sawa, hesabu imenikimbia. Nikipita mbele ya duka la Mama Kahambu, moyo unapiga kama muntu anatwanga sombe.

Si Guylain! Nani amesema Guylain?

Ni ordinateur. Kompyuta!

Imelala kwenye rafu, kati ya sabuni na mishumaa. Ilitoka Butembo kwa pikipiki, ikapitia Pinga, imefungwa ndani ya blanketi kama mutoto mugonjwa. Nyeusi. Nene. Ukiiwasha, taa nyekundu inawaka chini ya kila herufi. Iko ya kuchezea michezo mikubwa, hasa ule wa mupira, ambapo unaona hata jasho la muchezaji. Aliyeiagiza alihama kabla haijafika. Watu wengine wanaiinua, wanasema iko nzito, wanairudisha. Wajinga! Uzito njo carte graphique, ile inayochora picha. Uzito njo ventilateurs mbili za kuipoza. Nimesoma yote kwenye simu ya Mama, kule juu karibu na chapelle, kanisa letu dogo, mahali pekee réseau ya simu inashika, ukisimama na muguu mumoja juu ya jiwe.

Kwa hiyo najua namna ya kuchagua. Carte graphique inazaliwa na mashini, haibadilishwi, iangalie kwanza. RAM inaongezwa baadaye, kama chumvi. Rangi usiangalie kabisa. (Nimeangalia rangi. Nyekundu!!)

Darasani siwezi kusema. Mwalimu akiita jina langu, ulimi unakuwa kiazi. Guylain, yeye, anasema kwa niaba ya darasa lote, na akibaki na nguvu anasema kwa niaba ya mwalimu. Iko na laptop yake, nyembamba, anaibeba kwapani kila siku mpaka shuleni. Hajaifungua hata siku moja mbele yetu. Anasema ndani mwake muko mambo ya siri. Leo alinikuta ninaangalia rafu. Akasema kwa sauti, mbele ya foleni ya watu wa kuchaji simu, eti dada Kétsia, ile si ordinateur, ile ni jiwe la kusagia. Mashini ya kweli iko nyembamba kama chapati. Foleni ikacheka. Na mimi nikacheka. Kwa nini nilicheka?

Nitaipata. Naapa juu ya ndama wetu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mupango wangu ni huu. Mama anatengeneza fromage, jibini, kwa maziwa ya ng'ombe wetu. Papa njo alikuwa anazishusha Goma kuuza. Mwezi wa pili aliteremka, barabara ikafungwa nyuma yake kama mulango, na mpaka leo iko kule, tunamusikia kwa simu tu. Fromage zimejaa kwenye mbao. Zimekauka. Ukigonga moja, inajibu. Mama Kahambu peke yake njo anaweza kuzisafirisha, kwa sababu pikipiki zake zinakwenda Pinga na Walikale, kwa wachimbaji, na wale wanakula chochote kisichokimbia.

Basi: fromage kwa ordinateur. Bajeti ya mwanafunzi! Hakuna hata noti moja inatoka mufukoni.

Nilijizoeza mbele ya ndama. Ndama alikubali. Mbele ya Mama, kiazi. Nilisema, "Mama, shule... mashini... fromage." Akanishika paji la uso kama niko na malaria.

Nikaanza upya kwa Kifaransa, kwa sababu kwangu uongo unatoka safi zaidi kwa Kifaransa. Nikasema ni indispensable pour la formation, yaani bila hiyo hakuna masomo. Mama hakusoma Kifaransa lakini anakiheshimu kama sindano. Aliuliza hiyo mashini inafanya nini. Nikasema inafanya hesabu. Akauliza, basi kichwa changu nilipewa cha kubebea bidoni za maji? Nikachanganyikiwa. Nikasema inasaidia kila kitu. Kila kitu, Mama!

Njo hapo nilijichimbia shimo.  Mama akasema sawa, atatoa zile fromage kavu. Lakini mpaka dimanche, Jumapili ya juma kesho, iwe imesaidia kitu kimoja, kimoja tu, ndani ya nyumba hii. Si shuleni. Hapa. Ikishindwa inarudi kwenye rafu, na fromage zinarudi kwenye mbao. Mama Kahambu alikubali, kwa kuwa barabara ya Pinga haijatulia na pikipiki hazitapanda kabla ya siku hiyo.

Mama ametoa fromage! Mama yangu mimi! Nilikwenda mbio kumuambia ndama.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeileta. Mugongoni, ndani ya kitenge. Wamama wa kisimani waliuliza huyu mutoto ni wa nani. Nilikimbia.

Mshtuko wa kwanza: chargeur yake ni tofali. Tofali kamili, ungeweza kujengea. Mshtuko wa pili: batri ya ndani ilikufa zamani, bila umeme wa ukutani mashini haipumui. Mama Kahambu hakuniambia. Nilimurudilia, akasema sikumuuliza. Kweli, sikuuliza. Nilikuwa naangalia nyekundu.

Mshtuko wa tatu, Yesu wangu, wa tatu!

Umeme wa kwetu ni pano moja ya jua juu ya mabati, batri moja ya gari, na convertisseur moja ya kuzeeka, ya kugeuza umeme wa batri. Inatosha taa tatu na radio. Jioni majirani wote wanakuja kwetu kusikiliza habari: vita imefika wapi, tulale ao tufunge mizigo. Sebule ilikuwa imejaa. Mutangazaji akasema mapigano yaliyoanza asubuhi sasa yanaelekea...

Na mimi, chumbani, nikachomeka tofali.

Convertisseur ililia kama nguruwe. Taa zikawa za kahawia, kisha hakuna taa. Radio kimya.

Yanaelekea wapi?! Watu waliruka wote pamoja. Papa Kanyamibwa, jirani wa juu, aliuliza kwa hasira kama yanaelekea hapa ao yanaelekea huko, maana ndani ya giza kila muntu alikuwa amesikia kijiji chake. Mama Libérata alifunga mutoto mugongoni akatoka mbio. Alirudi kidogo baadaye. Mutoto hakuwa wake.

Nilitokea na tofali mukononi, nikasema labda ni wingu limefunika pano. Usiku!

 Mama aliangalia tofali. Mashini haijasaidia kitu. Imeua radio.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siwezi tena kuchomeka nyumbani. Nimepata njia nyingine. Mama Kahambu ana chumba cha kuchaji simu nyuma ya duka, na moteur ya essence, ya kutoa umeme, inayowaka mchana. Simu zimepangwa kwenye mbao chini ya picha ya Bikira Maria, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe. Tumepatana: ninalinda simu nyuma ya masomo, yakiisha, ananipa prise ya mwisho ya kuchomekea pale pembeni. Alisema, "Biashara njo biashara, mwana wangu," na akanipa ufagio pia, ambao hatukupatana.

Nimewasha. Taa nyekundu! Ule muchezo wa mupira umo tayari, mwenye kuagiza alilipa uwekwe. Nikacheza.

Aibu. Muchezaji anapiga mupira leo, mupira unafika kesho. Kipa anaruka kisha anabaki hewani kama nguo kwenye kamba. Papa Kanyamibwa, aliyekuja kuchukua simu yake, aliangalia kidogo akauliza kama hao vijana wamekula.

Nilijua ugonjwa ni RAM. Niliifungua tumbo kwa kisu cha fromage, vis zake, zile skrubu, moja moja, nikizipanga ndani ya kifuniko cha sukari. Uzuri wa ndani, siwezi kuandika! Na kweli: kuna nafasi mbili za barrette, vile vijiti vya RAM, moja imejaa, ya pili tupu, kama jino lililong'oka. Carte graphique ni nzuri, iko na njaa tu. Ikipata barrette ya pili itakimbia.

Lakini kwetu Masisi nzima barrette utaipata wapi? Fundi yuko Goma na Goma iko ng'ambo ya vita. Nilifikiri kila ordinateur ninayoijua hapa.

Najua moja. Inalala kwapani mwa Guylain.

Si wizi. Ni kuazima sehemu ambayo mwenyewe haangalii.

Nyuma ya hapo nilijaribu kusaidia nyumba, dimanche inakuja. Nilimuita Mama dukani, nikaandika VIRGINIE kwa herufi kubwa zikajaza kioo. Alisoma. Akasema jina lake alikuwa analijua. Akarudi kwa viazi vyake.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sijui kama nitaweza kuandika hii.

Wakati wa récréation, mapumziko, Guylain alitoka kugombana kwa niaba ya timu yake na akaacha laptop kwenye benchi. Mara ya kwanza kabisa! Nilibaki ndani, nikijifanya naumwa tumbo. Kisu cha fromage. Vis chache tu, zilikuwa zimelegea tayari. Nikainua mufuniko.

Hakuna kitu.

Simaanishi hakuna barrette. HAKUNA KITU. Hakuna batri, hakuna disque, hakuna hata waya. Kipande cha karatoni ya sabuni, kimekatwa vizuri kabisa kwa mukasi, na mawe mawili bapa ya muto, yamefungwa kwa kitambaa yasigongane.

Nilikaa nikiangalia yale mawe. Mwaka muzima! Mambo ya siri! Nyembamba kama chapati!

Na Guylain akawa amesimama mulangoni.

 Alikaa kando yangu. Mwishowe alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, kwamba walipokimbia vita kutoka Bihambwe, laptop ilianguka ndani ya maji. Fundi mumoja alichukua vya ndani kwa malipo ya kumuambia kwamba imekufa. Yeye alibaki na ganda. Akaona kwamba akilibeba, watu wa Masisi wanamusalimia kama muntu mwenye kwao, si kama mukimbizi. Basi akaendelea kulibeba. Mawe ni kwa sababu ganda tupu lilikuwa linarushwa na upepo.

Aliniomba, "Usiseme, dada."

Nilikuwa naye mukononi! Ningeweza kulipa kicheko chote cha ile foleni! Lakini mimi kusema si kazi yangu, na ghafla sikutaka. Nilifunga vis. Nikamuambia sitasema.

Kisha nikamuuliza kama fundi aliacha barrette yoyote. Sina haya. Aliniangalia kama ninavyoangaliaga ile rafu ya sabuni, akachukua ganda lake akaondoka.

Jumatano, 16 Oktoba. Lushebere

Naandika juu ya goti, ndani ya hema la watu.

Lazima nieleze kwanza mufuko. Kila nyumba ya huku iko na mufuko wa kukimbia, nyuma ya mulango. Wa kwetu Mama aliufunga mwenyewe: sufuria, unga, chumvi, blanketi, karatasi za shule na za shamba. Haufunguliwi. Hata panya wanauheshimu.

Jana niliufungua. Nilitaka tu kuona kama mashini, ninayoirudishaga nyumbani kila jioni, ingeingia. Iliingia, nikitoa sufuria, unga na blanketi. Tofali lilikaa vizuri kabisa pale penye sufuria, kama limepimwa. Nilitaka kurudisha vyote. Nilienda kwanza kukamua ng'ombe, nikasahau.

Leo asubuhi, risasi mulimani. Karibu! Mama akasema twende, na tukaenda, kijiji kizima, njia ya Lushebere, na ng'ombe mbele. Mimi nikanyakua mufuko. Mama alinyoosha mukono aubebe, nikakataa. Ulikuwa unanivunja shingo. Njiani akamuambia Mama Libérata, nikisikia, "Uone Kétsia, amekuwa mukubwa. Anabeba nyumba yote."

Ningependa risasi moja inikute pale pale. Haikuja.

Tumefika kambini, watu wametupokea, Mama akawasha moto wa majirani na kufungua mufuko ili apike. Akaingiza mukono. Akatoa ordinateur. Akaiweka chini polepole. Akaingiza mukono. Akatoa tofali. Akaingiza tena, mpaka begani, akitafuta, akitafuta, na uso wake sikuweza kuuangalia. Akatoa waya.



Papa Kanyamibwa akauliza kama hiyo tunaichemsha ao tunaichoma. Mama Libérata akasema ichemshwe, iko kavu sana. Watu walicheka mpaka wale waliokuwa wanalia njiani wakacheka, wakishikana mabega. Mama hakucheka. Alikwenda kuomba sufuria kwa Mama Verdiane, ambaye yuko kambini hapa tangu miaka mingi, ambaye alikimbia na ile sufuria tu. Akatupa na viazi vitamu ndani yake.

Nilikula. Viliingia kama mawe ya Guylain.

Mama hajanipiga. Hajanigombeza. Amesema maneno mawili tu, akinifunika kwa kitenge chake kwa kuwa blanketi nalo nilikuwa nimelitoa: "Dimanche, Kétsia."

Ijumaa, 18 Oktoba

Tumerudi. Nyumba iko salama. Sufuria ilikuwa chini ya kitanda changu, inaniangalia. Mama ameirudisha ndani ya mufuko kwa mukono wake, akafunga kwa mafundo ya kufungia ng'ombe. Niliapa mbele yake kwamba sitaugusa tena. Niliapa kwa Kiswahili.

Mambo mapya mabaya: hakuna muntu anathubutu kupanda mulimani kukata kuni. Zilizobaki ni za chakula tu. Na fromage inataka joto. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe yakiwa na moto wake, na kazi yote ni kuulinda mpaka dawa iyagandishe. Sasa ni mvua, baridi, hakuna kuni. Maziwa ya jana yalipoa njiani, hayakushika. Ya leo vilevile. Mama amewamwagia nguruwe wa Papa Kanyamibwa. Na fromage njo chumvi yetu, njo sabuni, njo shule yangu.

Kama Jumapili mashini inarudi kwenye rafu, sitalalamika. (Nitalalamika. Nitakufa.)

Guylain amekuja mulangoni jioni. Bila ganda! Mikono yake ilikuwa mitupu na hakujua aiweke wapi. Akanipa soksi. Ndani ya soksi: barrette. Kumbe alimunyang'anya fundi kitu kimoja, akakiweka kama vile watu wanaweka jino la kwanza la mutoto. Alisema sikumusema kwa muntu, na mimi si muntu wa maneno, basi na yeye hatasema zaidi. Kisha akasema zaidi, kwa muda murefu.

Nililinganisha namba za barrette hii na za ile ya ndani. Zinafanana! 

Jumamosi, 19 Oktoba

Ngoja nipumue.

Barrette imeingia. Inalia "tak" ndogo, tamu. Nimewasha pale kwa Mama Kahambu. Nikafungua mupira, nikapandisha picha juu kabisa, kila kitu juu, hata majani ya uwanja. Ilikimbia! Wachezaji walikula, walishiba, walikimbia! Ventilateurs mbili zikaanza kunguruma, na nyuma ya mashini upepo wa moto ukatoka, mukali, kama kupita nyuma ya tanuru la mikate. Nilijua huo ni ubaya. Mashini inayotoa joto hivyo inajikula. Nilikuwa natafuta jiwe la kuinyanyulia ipate hewa.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mulango ukafunguka. Mama, amelowa, na ndoo ya maziwa chini ya kitenge. Alikuwa anatoka kukamua, ananifuata nije kumusaidia kabla hayajapoa.

Nilijiandaa kufa. Lakini yeye alisimama. Alikuwa amepita nyuma ya mashini. Akarudi hatua moja. Akaweka mukono kwenye ule upepo, akauacha pale, akaugeuza, kama anavyofanyaga juu ya ndoo kupima.

Akauliza, "Hii kitu iko na homa?"

Nikasema nitaizima, Mama, naizima sasa hivi.

"Usizime!"

Aliweka ndoo nyuma ya mashini. Akaizungushia kitenge, kitenge kikashika upepo wote wa moto kama hema. Akatia dawa yake ya kugandisha, akafunika. Kisha akaniangalia. Upepo ulikuwa umeanza kupoa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeacha kucheza. Mama aliusikia unapoa. Na mama yangu, Virginie, mama wa kanisa, ambaye ameniita muvivu tangu nilipoota meno, alinielekezea kidole na kusema maneno ambayo nitayaandika jinsi yalivyo:

"Cheza! Cheza, mutoto! Cheza kwa nguvu!"

Nilicheza.

Watu wa simu wakasogea. Mvua iliwazuia kuondoka, chumba kikajaa, mbele ya watu wote hao mimi! Mikono ikaanza kuwa kiazi. Na hapo Guylain, kutoka nyuma, akaanza kutangaza muchezo kama radio. Kwa niaba yangu. Kila muntu akamuangalia yeye, wakaniacha huru. Nilifunga goli! Papa Kanyamibwa alimukumbatia muntu asiyemujua. Mama hakuangalia mupira hata kidogo. Alikaa na mukono ndani ya kitenge, akisema juu ya bega: ongeza kidogo, sawa, sasa polepole. Nikipiga pasi tu, hakuna joto. Nikishambulia, joto linapanda. Hatujalinda goli letu hata mara moja. Maziwa hayakuruhusu.

Kisha Mama Kahambu akaingia kuzima moteur, essence inaisha. Moyo wangu! Maziwa yalikuwa bado laini. Mama akasimama kati yake na moteur. Walitazamana, wamama wawili, bila kelele. Mama Kahambu akaangalia ndoo, akaangalia kile chumba kimejaa watu hawawezi kwenda popote, wakila biskuti zake wakiwa wamesimama. Akasema biashara njo biashara. Akamimina essence nyingine.

Dakika za mwisho za mechi ya tatu, Mama akafunua ndoo. Akachoma kisu. Kikatoka safi. Fromage ikashika! Imeshika!! Chumba kizima kikapiga makofi, wengine kwa goli, wengine kwa maziwa, mimi kwa vyote.

Mama alinifuta jasho kwa pembe ya kitenge. Kikanuka maziwa.

Jumapili, 20 Oktoba

Hukumu ilitolewa nyuma ya misa. Mashini inabaki. Iko ya nyumba. Papa amepigiwa simu kutoka kwenye jiwe la réseau. Alielewa kwamba nimenunua jiko, akasema ni vizuri, akauliza linatumia mafuta gani. Mama alicheka. Alikuwa hajacheka tangu kabla ya Lushebere. Papa alipomusikia alinyamaza, na réseau haikuwa imekatika.

Masharti: nacheza wakati wa maziwa tu, na nacheza vizuri. Mufuko hauguswi na muntu. Nimeapa mara ya pili. Ninajua sasa ni nini kilicho na thamani, na ni nini muntu anabeba siku ya kukimbia. Ninajua kabisa.

Lakini.

Mama Kahambu ameninong'oneza nje ya kanisa. Pikipiki inakuja kutoka Butembo. Kuna mashini nyingine juu yake. Kubwa zaidi. Ventilateurs tatu! Carte graphique mara mbili! Taa ya kila rangi! Kwa hiyo joto la ndoo mbili. Mama akisikia "ndoo mbili" atatoa fromage zote, na nimeshaanza kuongea na ndama juu ya hali yake, asishangae naye akiuzwa. Guylain atasema kwa niaba yangu. Kwa Kifaransa.

Swali lilikuwa moja tu: siku ya kukimbia, mashini mbili zitaingia kwenye mufuko? Lazima kupima kabla ya kuagiza, njo namna ya kuchagua kwa akili. Nimefungua mafundo ya ng'ombe. Nimetia tofali mahali pa moja, na muto wa kulalia mahali pa ya pili. Zinaingia. Zinaingia vizuri! Ukitoa sufuria tu.

Nitairudisha tukishakula.

Nyayo. Za Mama, anazivuta akiwa amebeba maziwa. Zinakuja huku. Daftari nilifiche wapi? Ndani ya sufuria, chini ya kitanda, hapo hakuna muntu atatafu

Anaita. Ng'ombe ametoa mengi, ndoo imejaa. Anauliza ile sufuria ya mufuko wa ku